Sura ya Tisa: Tausi wa Mama

Kaka yangu alimvunja Bienfait pua mbele ya wageni arobaini, saa tano asubuhi, na wageni wenyewe niliwaalika mimi.

Niliwaandikia barua mmoja mmoja. Njooni Rumonge, niliandika, mje muone mji ulio tayari kwa biashara. Mawese yapo, samaki wapo, lami ipo, ziwa lipo, na watu wake ni wakarimu. Hilo la mwisho nililipigia mstari. Wahenga wanasema mdomo huponza kichwa. Mimi niliponzwa na kalamu.

Kazi hiyo nilipewa na ushirika wa wafanyabiashara wa mji wetu. Walinichagua kwa sababu nilizaliwa ukimbizini, kule Mishamo, Tanzania, kwa hiyo Kiswahili changu hakimtoi mtu jasho, na Kifaransa nilikipata shuleni baada ya kurudi. Halafu nina kamera. Miezi mitatu nilizunguka nayo, vinu vya mawese, soko, mitumbwi ikishusha ndagala, dagaa wa kwetu, michikichi inayopanda mlima mpaka macho yanachoka. Nikaunganisha filamu ya dakika tisa. Jumamosi ile tukakodi ukumbi wa hoteli iliyo kando ya ziwa, tukashusha mapazia, na wakubwa kutoka Bujumbura wakakaa kwenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, Fanta mkononi.

Mbele kabisa alikaa Madamu Yudita. Mwanamke mnene, miwani ya dhahabu, sauti ya mtu aliyeanza maisha kwa kupiga kelele sokoni. Alitaka kujenga kiwanda cha sabuni na alikuwa hajaamua akijenge kwetu au kwingine, kwa hiyo siku hiyo kila mtu alimchekea. Kando yake alikaa baba yangu, Mzee Venanti, ndani ya koti lake la pekee. Nyuma ya Baba alikaa kaka yangu Lameki, mwenye kinu cha mawese. Na kule ukutani, nyuma ya meza iliyopangwa vipande vya sabuni rangi ya asali, alisimama Bienfait.

Niseme nini juu ya Bienfait bila kujiaibisha? Alivuka kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, miaka sita iliyopita. Alikuwa anapika sabuni kijijini Gatete kwa mawese aliyoyanunua kwa kaka yangu, na Lameki alimpenda, akimwita "Mukongomani wangu", wakicheka pamoja mpaka wakashikana mabega. Alimpenda kama mteja. Mimi nilimpenda kwa namna nyingine, mwaka mzima na miezi miwili, kwa siri, na nilijidanganya kwamba nyumbani hakuna aliyenusa kitu.

Filamu ikaanza. Ziwa likapita, soko likapita, watu wakapiga makofi walipoona samaki wa mukeke wakubwa kama mkono wa mtu. Dakika ya nne akatokea Bienfait akikoroga pipa. Dakika ya tano bado anakoroga. Dakika ya sita kamera ilikuwa imesogea karibu kabisa na uso wake, na naapa sikumbuki kuisogeza.

"Mudada," Madamu Yudita alisema kwa sauti yake ya sokoni, "unatuonesha mji ao unatuonesha mwanaume?"

Ukumbi mzima ukacheka. Na pale kwenye skrini, kana kwamba amesikia, Bienfait akageuka, akaiangalia kamera, akatabasamu. Halikuwa tabasamu la kuuzia sabuni. Mapenzi ni kikohozi, na mimi nilikohoa mbele ya wawekezaji. Nilimtupia jicho Bienfait mwenyewe kule ukutani, naye akaniangalia, na kwa nukta moja nilisahau aibu, nikajisikia mwanamke mwenye bahati kuliko wote pwani ile.

Kisha Bienfait wa kwenye skrini akainua mkono wa kushoto kuonesha pipa. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa. Cha samawati, chenye tausi wa njano.

Nilisikia kiti kikianguka.

"Baba," Lameki alisema. "Angalia mukono wa huyo muntu. Baba, ni kitenge cha Mama."

Kwetu sisi, familia ya Venanti, hicho hakikuwa kitambaa cha kawaida. Mama alikinunua mnadani Mishamo kwa mahindi ya msimu mzima, hakukivaa hata siku moja, akarudi nacho Burundi kifuani wakati wengine wamebeba magodoro. "Hiki ni cha siku ya Evangelina," alisema, yaani siku ya harusi yangu. Kwa desturi yetu, bibi na bwana harusi hushonewa kitambaa kimoja, na yadi sita zilitosha wote wawili. Alipofariki, kilikaa sandukuni, na Pasaka kila mwaka Baba alikitoa, akakitazama, akakirudisha. Mimi ndiye niliyekiiba. Nilikipeleka Gatete kumpima Bienfait mabega. Siku hiyohiyo aliungua mkono, na sikuwa na kitu kingine cha kumfungia, nikakirarua kwa meno. Tangu hapo alikifua jioni na kukifunga tena asubuhi, hakutaka bendeji ya dukani, na mbele ya Lameki aliutia mkono mfukoni. Nilikizoea mno mkononi mwake hata siku ya kupiga filamu sikukiona tena. Niliona uso tu.

Lameki hakuzunguka meza. Aliipanda. Ngumi ya kwanza ilitua puani na nikasikia mfupa, mlio mdogo mkavu. Vipande vya sabuni vikamwagika sakafuni. Mgeni mmoja alijaribu kukimbia, akateleza juu ya sabuni, akaangukia kreti ya Fanta, na chupa zikapasuka.

"Ulikitoa wapi?" Lameki alimshika shati. "Sema! Uliingia nyumbani kwetu?"

Bienfait alikuwa anatoka damu mdomoni na puani, mikono ameiteremsha.

"Lameki, rafiki, twende inje tuongee."

"Rafiki? Piga basi! Piga nikuone!"

"Sipigi. Namna gani nitapigana na shemeji yangu?"

Laiti angemtukana. Neno hilo shemeji lilimwingia kaka yangu kama pilipili jichoni. Alimpiga kichwa, Bienfait akaenda chini, kisha Lameki akaanza kumpiga mateke ya mbavu, moja, mbili, tatu, na kila teke alikuwa akisema, "Shemeji? Shemeji ya nani?" Wanaume wa ukumbini walisimama kama nguzo. Wafanyabiashara bwana, hodari wa kuhesabu hasara wakiwa mbali.

Mimi sikuumbwa kusimama. Nilimrukia Lameki mgongoni, nikamng'ata bega mpaka nikaonja chumvi ya jasho lake. Alinguruma, akanitikisa, akageuka, na kofi lake likanipata mdomoni. Lilikuwa kofi la mtu anayeinua mapipa. Nilikaa chini bila kupenda, mdomo umepasuka.

Ndipo Bienfait akasimama.

Sijui alitoa wapi nguvu. Alipiga mara moja tu, kwa mkono wa kulia, chini ya taya, na Lameki akaruka nyuma akaiangukia projekta. Skrini ikazimika. Kwenye giza la mapazia nilisikia sauti ya Bienfait.

"Mimi unipige mpaka uchoke. Lakini huyu usimuguse tena. Nimesema."

Mtu akavuta pazia. Lameki alikuwa ameinuka, anapangusa mdomo kwa kiganja, na macho yake nilikuwa sijawahi kuyaona. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni siku tuliyorudi, nikiwa na miaka kumi.

"Leo kule Gatete," alisema polepole, "hakutabaki hata sufuria."

Akatoka. Vijana wawili wa kinu chake, wanaume wa mabega mapana, wakamfuata. Nilisikia pikapu yake ikiwaka. Bienfait alinitazama, akataka kunigusa mdomo, akakumbuka Baba yupo, akaurudisha mkono.

"Baki hapa, Eva," alisema. "Mule kiwandani nimewasha moto, pipa iko juu. Wataungua wote, ni wajinga. Acha niende."

Akatoka mbio akishika mbavu, akasimamisha pikipiki barabarani.

Nilichukua mkoba wangu wenye kamera. Mbele yangu alisimama Baba. Koti lake lilikuwa na madoa ya Fanta.

"Ni kweli, Evangelina?"

"Ni kweli, Baba."

"Kitenge cha mama yako. Alikikata yeye?"

"Nilikikata mimi."

Alifumba macho. Mara ya mwisho nilimwona akifumba hivyo ilikuwa makaburini.

"Kaa chini," alisema.

"Sikai, Baba."

"Nimesema kaa! Huyu ni mutu wa ng'ambo. Unajua mutu wa ng'ambo ni nini? Ni mimi! Nilikaa ng'ambo miaka thelathini na sita. Nililima, nikajenga, nikazika watoto wawili kule, na kila asubuhi nilikuwa naamka naangalia upande huu. Siku moja nikakunja kila kitu, nikarudi. Na yeye atakunja. Atakubeba, utakuwa mukimbizi mara ya pili. Mimi nilikurudisha hapa ili usihame tena, mwana wanje."

Sauti yake ilipasuka kwenye neno hilo la mwisho, mwanangu kwa Kirundi, na mimi nilitamani kumkumbatia. Badala yake nikasema, "Baba, Lameki ana panga kwenye pikapu." Nikampita, nikatoka. Sijawahi kumpita Baba hivyo, wala sitaki tena.

Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona na kumwambia dereva Gatete, haraka. Upepo wa ziwa ulinipiga mdomo uliopasuka, nikalia njia nzima, nikimwambia Mungu maneno ambayo si ya kanisani.

Kiwanda cha Bienfait ni jina kubwa la kitu kidogo, paa la mabati juu ya nguzo za michikichi, mapipa matatu juu ya mafiga, na mbao za kumiminia sabuni. Kwenye filamu kilipendeza. Nilipofika, wale wanaume wawili walikuwa wanapasua mbao kwa nyundo. Mapipa mawili yalikuwa yamelala ubavu na sabuni changa inamwagika, inakwenda mpaka kwenye mchanga, nyeupe, inatoa moshi. Mmoja wao alikuwa amekanyaga, anarukaruka kwa mguu mmoja akiita mama yake, na mwenzake hakujali, anaendelea kupasua.

Bienfait alikuwa amepiga magoti mbele ya pipa la mwisho, lililokuwa bado motoni, amelizuia kwa mwili wake lisisukumwe. Shati limechanika. Juu yake Lameki, panga mkononi.

"Kitambaa," Lameki alisema. "Toa kitambaa cha mama yangu."

"Kimegandana na kidonda. Ngoja nikilowanishe maji, nitakupa."

"Toa sasa!"

"Kaka!" nilipiga kelele. "Kaka Lameki, usimguse!"

"Weye nyamaza! Umeuza mama yako kwa sabuni!"

Aliushika ule mkono, akaingiza kidole chini ya fundo, akavuta. Nilichosikia hakikuwa sauti ya mwanaume ninayemjua. Kitambaa kilitoka na ngozi. Mkono ulibaki mwekundu kuanzia kifundo mpaka kwenye vidole, mbichi, damu inatoka taratibu kama maji kwenye sifongo, na Bienfait akainama mpaka paji la uso likagusa chini. Hata yule mwenye nyundo aliacha kupasua.

Lameki alisimama na kile kitambaa mkononi. Alikiangalia. Aliangalia ule mkono. Nadhani alitegemea mkwaruzo, kitu kidogo, jambo la kujidekeza.

"Umeona?" nilimwambia. Nilikuwa nimemfikia, nimesimama kati yao, na panga lilikuwa karibu na goti langu. "Umeona vizuri, au nikuoneshe kwenye skrini?"

"Eva, acha," Bienfait alisema kutoka chini. "Usimwambie."

"Nitamwambia! Kaka, pipa lilikuwa linanijia mimi. Figa liliteleza, mawese yanachemka, nimekaa pale chini nampima mabega na kitambaa cha Mama. Alilisukuma kwa mkono huu. Kwa kiganja! Angeruka pembeni, leo mngekuwa mnanifunga mimi sanda. Nikakirarua kwa meno. Ningerarua na ngozi yangu."

"Uongo," Lameki alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Kwa nini hakusema? Muulize. Umempiga pua, umempiga mbavu, umemwita mwizi mbele ya watu, alisema?"

"Nani alimukataza kusema?" Lameki alimgeukia. "Mukongomani, kwa nini hukusema?"

Bienfait aliinua uso. Ulikuwa umevimba hata jicho moja limejificha.

"Ningesema, wangejua kama Eva alikuwa huku kwangu peke yake. Wangemuchafua jina. Mimi pua itapona, Lameki. Jina ya binti haiponi."

Pumzi ya kaka yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu aliyepanda mlima. Lakini panga hakulishusha. Hasira ikishafika mbali hivyo haijui njia ya kurudi. "Bado," alisema. "Bado kitambaa hakikuwa chenu. Kilikuwa cha harusi. Na harusi haipo. Chukua vitu vyako urudi kwenu leo, boti ziko. Nikikukuta kesho, Mungu atanisamehe baadaye."

Honi ikalia nyuma yetu.

Ilikuwa gari ya Madamu Yudita, nyeupe, imejaa vumbi. Alishuka yeye kwanza, akainua gauni kuiruka sabuni iliyomwagika, kisha akamshika mkono Baba akamshusha. Baba alitembea mpaka katikati ya ule uharibifu. Aliangalia mapipa, mbao zilizopasuka, mdomo wangu. Aliuangalia mkono wa Bienfait muda mrefu kuliko vyote, na nikajua maneno yangu alikuwa ameyasikia, maana nikikasirika mimi, hata ng'ambo wanasikia.

"Muzee," Madamu Yudita alisema, "mimi niko mufanyabiashara, siko padri, mambo ya harusi siijuwe. Lakini nimekuya hapa na mali ya maisha yangu yote. Barua ya binti yako inasema mutu wa kwenu ni mukarimu. Huyu amekaa kwenu miaka sita, anawapikia sabuni, amewaokolea mutoto. Kama yeye munamufanya hivi, mimi wa juzi mutanifanya nini?"

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tunasema. Bienfait alikuwa ameshika jembe miaka sita.

Baba alimwendea Bienfait, akajikunja kwa shida, akachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu, utarudi kwenu?"

"Mzee, sijui kesho." Bienfait alihema kabla ya kuendelea, mbavu zilikuwa zinamuuma. "Siwezi kukudanganya. Kwetu kukipona, nitapenda kwenda kusalimia kaburi ya mama yangu. Lakini kukaa, nitakaa mahali Eva atakaa. Hapa. Hata bila mapipa."

"Unaapa?"

"Siapi. Nimeshaweka mukono."

Baba alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anavyofanya akisikiliza mahubiri. Kisha akanyoosha mkono wake kwangu bila kugeuka.

"Evangelina. Kilichobaki kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye mkoba, kimeviringishwa kwenye kamera. Sikuthubutu kukirudisha sandukuni kikiwa kimechanika. Nilitumaini nitakishona kabla ya Pasaka. Nilikikunjua, nikampa. Tausi wa njano waling'aa kwenye jua kana kwamba wametoka dukani jana. Baba alikipapasa, akakinusa. Miaka yote ile sikujua kwamba alikuwa anakinusa.

"Mkono huu haufai kubaki wazi hivi," alisema. "Inzi watakaa." Akatia pindo la kitambaa mdomoni, akavuta. Kitambaa hakikukubali. Baba hana meno ya mbele, yalibaki Mishamo pamoja na vingine vingi. Alijaribu tena, mate yakamtoka, na Madamu Yudita akageuza uso akajifanya anaangalia ziwa.

"Nipe mimi, Baba," nilisema.

"Wewe ulishakata chako."

Alisimama kwa kushika bega la Bienfait. Akamnyooshea Lameki kitambaa.

"Kata."

Lameki alirudi hatua moja. "Baba, hapana."

"Weka panga chini. Kata kwa mikono."

"Ni cha Mama! Nilimuona akikibeba. Wewe ulikuwa mbele na baiskeli, hukumuona, mimi nilimuona. Alikuwa na homa, anatapika, nikamwambia Mama nipe nikubebee, akakataa. Akasema mpaka nikifika. Hakukivaa, Baba! Hata siku moja! Sasa nimufungie huyu... nikate nguo ya mama yangu nimufungie..."

Hakumaliza. Kaka yangu ana miaka thelathini na tano na kinu chake na watu kumi chini yake, na alikuwa analia kwa mdomo wazi kama mtoto, panga bado mkononi. Hapo ndipo nilipomwelewa, na hasira yangu kwake ikapungua nusu. Ile nusu nyingine ninayo mpaka leo, kwa ajili ya pua ya mume wangu.

"Alikibeba cha kazi gani?" Baba aliuliza.

Lameki akapangusa pua kwa mkono wa shati.

"Nakuuliza, Lameki. Mama yako alikuwa anaumwa, akakibeba kifuani. Alikibeba cha kukaa kwenye sanduku?"

"Cha siku ya Evangelina."

"Mtazame dada yako. Mdomo umempasua wewe. Amesimama mbele ya panga lako, hatoki. Unangoja siku gani nyingine?"

Upepo ulipita ukachukua moshi wa sabuni. Bienfait alikuwa amejitahidi kusimama, anayumba, mkono wake ameushikilia mbele kwa mkono mwingine, na damu inadondoka kwenye kiatu. Nilitaka kumshika. Baba alinikataza kwa jicho. Kila mtu pale alikuwa anamtazama mtu mmoja, hata yule aliyeungua mguu.

"Shemeji," Bienfait alisema. Neno lilelile, mara ya pili siku hiyo, na nikafumba macho nikingoja kipigo. "Kama unaona uzito, acha. Nitafunga jani ya ndizi. Mama yako alikuwa mama yako."

Nilisikia kitu kikianguka chini, kizito, cha chuma.

Kisha nikasikia kitambaa kikiraruka. Polepole, kipande kirefu, kutoka pindo mpaka pindo. Nilipofumbua macho, Lameki alikuwa ameinama juu ya ule mkono, mabega yanatikisika, anazungusha tausi mmoja mmoja juu ya kidonda, kwa vidole vile vilivyovunja pua, akiuliza kwa sauti ambayo sikuijua, "Hapa kunauma? Na hapa?"

"Kunauma," Bienfait alisema.

"Vumilia, kwani we ni mwanamke?"

Niliteremsha mkono taratibu kwenye mkoba.

"Evangelina," Lameki alisema bila kugeuka, machozi yanamdondoka puani, "ukinipiga picha nakuua."